Fungu la Mboga na Kifungu cha Nne

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii niliisoma shuleni, nikaitungia insha, nikatuzwa alama nzuri, na tangu siku hiyo nikaamini kwamba nimeielewa. Ilinichukua miaka mingi, pamoja na kiangazi kimoja kikali cha mwanzoni mwa 2025, kung'amua kwamba daftari nalo laweza kuwapoteza watu iwapo aliyeliandika aliliandika kwa ajili ya kujifurahisha mwenyewe. Hilo ndilo ninalokusudia kulisimulia hapa, msomaji mpenzi, na naomba radhi mapema kwa kuwa masimulizi yenyewe yatapitia kwenye matuta ya mboga kabla ya kufika kwenye lugha.

Kwetu ni Budalang'i, katika Kaunti ya Busia, pale Mto Nzoia unapomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Yeyote aliyewahi kulisikia jina hili redioni, yamkini alilisikia likiandamana na neno mafuriko. Mto huu hukusanya maji kutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, huyapitisha katika nchi ya zaidi ya kilomita za mraba 12,000, kisha huyaleta yote kwenye uwanda wetu ulio tambarare kama sinia. Kuta za udongo zilijengwa pande mbili za mto ili kuyazuia maji hayo, lakini zimebomoka mara kwa mara: 2003, 2007, 2008, 2011, na tena Mei 2020, mwaka ambao ziwa lenyewe lilifura hata likakipita kiwango cha 1964 ambacho wazee wetu walikuwa wakikihesabu kuwa ndicho kilele. Mwaka 2003 nilikuwa mtoto wa miaka 6, na ninachokumbuka ni kubebwa mabegani usiku huku mbuzi wakilia. Mwaka 2020 nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, vyuo vimefungwa kwa sababu ya korona, nami nikawa mmoja wa waliobeba.

Hata hivyo, mto unaotunyang'anya ndio huo huo unaotupa. Maji yanapopungua huacha nyuma tope jeusi lenye rutuba, na tope hilo ndilo linalotulisha. Mvua za masika kwetu huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Za vuli huja kuanzia Septemba hadi Novemba. Katikati ya Desemba na mwishoni mwa Februari kuna kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi ambacho akina mama wa uwanda hushuka karibu na maji kulima mboga katika ardhi ambayo miezi michache kabla ilikuwa bwawa.

Hapa naomba nisimame kidogo kama mwanafunzi wa fasihi. Tunaposoma kazi za Ulaya zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, aghalabu tunakuta majira yao ya joto yakiitwa kiangazi. Kwa mujibu wa kamusi hapana kosa. Lakini huko, mwisho wa majira hayo ni wakati wa shibe: matunda yameiva, maghala yanajazwa, watu wanaonea fahari mavuno kabla ya baridi. Kwetu mwisho wa kiangazi ni kinyume chake. Udongo wa mfinyanzi hupasuka hata mguu wa mtoto ukazama ufani, visima hushuka, na mboga zilizo sokoni huwa chache na ghali. Mandhari ya shamba katika riwaya ya Kiswahili ndiyo mada ya tasnifu yangu ya uzamili. Nilikuwa nimeandika kurasa thelathini kuhusu mada hiyo kabla sijagundua kwamba sijui mboga za mama yangu huvunwa kwa mpangilio gani.

Basi na niutaje, kwa kuwa sasa naujua. Ya kwanza kuwa tayari ni mgagani, ambao Waluhya wengi huuita tsisaka na majirani zetu Wajaluo huuita dek. Wiki nne au tano baada ya kusia mbegu huwa umeanza kuchumwa. Lakini jua linapozidi mgagani huwahi kutoa maua, na ukishatoa maua majani yake hudumaa na kuwa machungu zaidi. Kwa hiyo mchumaji stadi hukata vikonyo vya maua kila apitapo, ili mmea usahau kuzaa na uendelee kutoa majani. Hufuata mnavu, ambao kwa Kijaluo ni osuga, nao hupenda maji kuliko wenzake wote. Kisha kuna kunde, ambazo majani yake huliwa mabichi, na yakizidi huanikwa juani yakawekwa akiba. Kuna mchicha, uitwao dodo hata ng'ambo ya mpaka huko Uganda. Kuna marejea, ambayo wengi wetu tunayajua kwa jina la mitoo au miro, nayo huvumilia ukavu vizuri kwa sababu mizizi yake huenda chini. Mwisho kuna mrenda, yaani murere, ulaini wa koo za watoto na wagonjwa, ambao hupikwa pamoja na kunde na kutiwa maji ya chumvi ya majivu ili uteleze na kuiva upesi.

Mbegu ya mrenda ilinifunza adabu. Nilimwona mama akiifunga katika kitambaa na kuichovya ndani ya maji yaliyotoka kuchemka, akahesabu kidogo, akaitoa. Nikamwambia kwamba anaiua. Alicheka, akasema kwamba mbegu hiyo ina usingizi mzito na isipotiwa moto haiamki. Nilipofika chuoni nikauliza wenzetu wa kilimo, nikajibiwa kwamba ndivyo ilivyo hasa: ganda lake ni gumu, na maji ya moto kwa muda mfupi huivunja hali hiyo ya kulala. Nilikuwa nimekwenda masafa marefu kuthibitisha jambo ambalo mama alikuwa ameshaniambia bila malipo.

Mboga hizi zilidharauliwa kwa muda mrefu. Ziliitwa magugu, zikaitwa chakula cha maskini, na mtoto aliyepelekewa mnavu shuleni aliona haya mbele ya mwenye kabichi. Mambo yalianza kubadilika kuanzia miaka ya 1990 kwa juhudi za watafiti kama vile Profesa Mary Abukutsa-Onyango, ambaye amefanya utafiti wa miaka mingi kuzihusu mboga za asili za Kiafrika, hata leo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. La kusikitisha ni kwamba bei ya Nairobi haifiki uwandani. Msimu wa mvua mboga zinapofurika, dalali hununua gunia zima kwa bei ya kutupa. Msimu wa kiangazi bei inapopanda, mama hana fedha za kununulia mpira wa kumwagilia wala za kumlipa mlinzi. Mboga zikiwako hakuna bei, bei ikiwako hakuna mboga.

Kikundi cha mama yangu kina wanawake kumi na wanne, nao hulima ekari moja na robo waliyokodi kando ya mkondo wa zamani wa mto. Likizo ya Desemba 2024, nikiwa nyumbani, niliwashauri wauze mboga kabla ya kuzilima. Watu wa Port Victoria wanaozitaka walipe mwanzoni mwa msimu, nao wapelekewe mafungu mawili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa miezi mitatu. Halikuwa wazo langu. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Japani, tangu miaka ya 1970, wakulima na walaji wamekuwa wakipatana namna hii katika utaratibu uitwao teikei, na kwamba Marekani nako mashamba ya aina hiyo yalianza 1986. Siri ya utaratibu huo ni kwamba mlaji hanunui mboga tu, bali anakuwa mshirika wa shamba: likistawi anastawi nalo, likipata hasara naye anaionja.

Akina mama walilipenda wazo hilo kwa sababu lilifanana na vyama vyao vya kuchangiana. Tukapata washirika ishirini na wawili. Walikuwamo walimu, wauguzi, wenye maduka, fundi cherehani, na mama mmoja mchuuzi wa omena anayelea wajukuu sita. Kila mmoja alilipa shilingi 800 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa miezi yote mitatu, jumla shilingi 52,800. Kikundi hakikuwa kimewahi kushika fedha nyingi kiasi hicho kabla ya mbegu kuota. Zilinunua mpira, pampu ya kukanyaga kwa miguu, samadi, na ujira wa mlinzi wa usiku.

Nami nikapewa ukatibu, na katibu ni lazima aandike. Nilikaa usiku mmoja nikatunga mkataba wa vifungu sita. Nakiri kwamba niliufurahia. Nilichagua maneno kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi. Kifungu cha nne kilisema: "Endapo mavuno yataathiriwa na majanga ya kimaumbile, washirika watabeba hasara kwa uwiano wa hisa zao pasipo fidia." Nilikisoma kwa sauti nikaona kinapendeza masikioni. Washirika wote walitia saini. Mama mchuuzi wa omena alishika kalamu kwa uangalifu, akaandika jina lake herufi moja moja, akaniambia, "Nimekuamini, mwanangu." Sikumwuliza kama ameelewa. Niliona neno la kuamini linatosha.

Januari yote mambo yalikwenda vyema. Alfajiri tulikuwa shambani kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu mboga iliyochumwa na umande hukaa siku nzima bila kunyauka. Akina mama walichuma wakiimba na kuteta, huku mimi nikipanga mafungu juu ya majani ya mgomba na kutia alama katika daftari. Vidukari vilipoingia kwenye kunde, walinyunyiza majivu. Februari ilipoanza, mto ulikuwa umejikunja, na pampu ikawa inavuta matope. Mgagani ukaanza kutoa maua kwa pupa hata mikono kumi na minne isiweze kuyakata yote. Mafungu yakapungua kidogo, lakini hakuna aliyenung'unika.

Wiki ya pili ya Februari, mlinzi alikwenda matangani, naye aliyeahidi kumshikia zamu hakufika. Usiku huo viboko walipanda kutoka majini. Asiyewajua hudhani kwamba kiboko ni mnyama wa kuoga tu. Ukweli ni kwamba usiku hutoka kula, na mahali palipokauka, bustani yenye kijani huwaita kama taa inavyowaita nondo. Walivunja ua wa miiba na kamba tuliyoifunga mikebe. Walikula kunde karibu zote, wakaukanyaga mnavu ukashikamana na matope. Palipokuwa na matuta tulikuta nyayo zilizojaa maji.

Mama alizunguka shamba lote bila kusema. Kisha akaenda kwenye pembe ya juu, karibu na mwembe, akainama. Huko ndiko kulikokuwa na matuta manne ya mbegu: mistari ya mgagani, mnavu, marejea na mrenda isiyochumwa hata jani, iliyoachwa ikomae kwa ajili ya kusiwa Machi. Viboko hawakufika hapo. Akasimama wima, akasema kwa Kinyala, maneno ambayo nayatafsiri hivi: "Wametuachia kesho."

Ijumaa hiyo mafungu yalikuwa kumi na matatu, tena madogo. Washirika tisa walirudi mikono mitupu, na miongoni mwao alikuwamo mama mchuuzi wa omena. Alifika tulipokuwa tukigawia, akangoja hadi wengine wakaondoka, akaniuliza kwa upole fungu lake liko wapi. Nikamweleza habari ya viboko. Akanipa pole. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa mboga hazipo, anaomba arudishiwe fedha za wiki mbili zilizosalia, kwani atalazimika kununua sokoni.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo likinijia usiku huniondolea usingizi. Nilifungua daftari, nikautoa mkataba, nikamsomea kifungu cha nne. Nilikisoma chote, kwa ile sauti ninayoitumia ninapowasilisha makala darasani, mbele ya fundi cherehani na vijana wawili wa bodaboda. Yeye alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Mwanangu, hayo maneno ni ya watu gani?"

Sikuwa na jibu. Hayakuwa maneno ya watu wa Port Victoria. Hayakuwa ya mama yangu. Kusema kweli hayakuwa hata yangu, kwa maana sijawahi kumwambia mtu yeyote, nikiwa na furaha au na njaa, kuhusu majanga ya kimaumbile. Nilikuwa nimeyachukua katika nyaraka nilizowahi kuzisoma, nikayapachika pale kwa kuwa yananipamba. Katika somo la isimujamii tulifundishwa kwamba kila muktadha una rejista yake, nami katika mtihani niliifafanua rejista ya sheria kwa mifano mitano. Lakini mtihani ule haukuuliza ni nani anayelala njaa rejista inapokosewa.

Aliondoka bila kugombana. Ningeona nafuu kama angegomba.

Jioni kikundi kilikutana chini ya mwembe. Mmoja wa akina mama alitoa shauri lililoonekana la busara: tuyavune matuta ya mbegu. Majani yake, ingawa yamekomaa, yangetosha mafungu ya wiki mbili. Deni lingelipwa na heshima ya kikundi ingebaki. Wengi waliitikia. Mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono, kwa sababu nilitaka aibu yangu ifunikwe upesi kwa chochote kile.

Mama alingoja hadi kelele zikatulia. Akawakumbusha Mei 2020. Maji yalipoingia nyumbani, alikuwa na vibuyu saba vya mbegu darini, kila kimoja kimechanganywa na majivu na kuzibwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Dari lilianguka usiku wa pili. Tulipokuwa kambini, hakukuwa na mwanamke hata mmoja wa kikundi aliyekuwa na mbegu, isipokuwa bibi mmoja mkongwe aliyekuwa ameifunga mbegu ya mgagani na ya mnavu kwenye pindo la leso yake, penye watu wengine hufunga fedha. Alimgawia kila mmoja kijiko kimoja. Kutoka kijiko kimoja, misimu mitatu ilipita kabla ya mama kupata mbegu ya kutosha shamba. Bibi yule amekwisha kufariki. "Tukizikata leo," mama alisema, "deni la watu ishirini na wawili tutalilipa, na la yule mmoja tutalipa na nini?"

Palikuwa kimya. Kisha akanigeukia. Mama huniita baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake mzazi. Akasema, "Baba, wewe ndiwe uliyewaandikia. Kesho utakwenda nyumba kwa nyumba, uwaambie. Karatasi uiache hapa."

Nilikwenda siku mbili. Jua lilikuwa la kukausha mate, na safari zote ishirini na mbili niliziendea kwa miguu. Nyumba ya kwanza nilianza, "Kama mnavyofahamu, kutokana na hali iliyojitokeza," nikajisikia mwenyewe nikarudia njia ile ile. Nikanyamaza, nikaanza upya: viboko walikuja, mlinzi hakuwapo, kosa hilo ni letu, ukavu si kosa letu wala lenu, mboga za wiki mbili hazipo, mbegu zipo na hatutaki kuzila. Anayetaka fedha zake, tutamrudishia shilingi 400. Anayeweza kungoja, mvua zikinyesha atapata kunde na mchicha mwezi wa Aprili, na fungu litakuwa kubwa. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyoyapunguza maneno, ndivyo watu walivyoniuliza maswali mengi zaidi. Mwalimu mmoja alitaka kujua kwa nini hatukuchimba mtaro kuzunguka ua. Muuguzi mmoja akasema ana tochi kuukuu zenye mwanga mkali ambazo viboko hawazipendi. Kumbe walikuwa na mengi ya kusema, ila karatasi yangu haikuwa imewaachia nafasi.

Mama mchuuzi wa omena nilimwacha wa mwisho kwa woga. Nilimkuta ufuoni akigeuza omena juu ya nyavu. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwanza, kabla ya jambo lolote. Kisha nikamweleza kama nilivyowaeleza wengine. Aliendelea kugeuza samaki wake kwa muda, halafu akasema:

"Kumbe ulikuwa unasema habari ya mtumbwi."

Sikumwelewa. Akanieleza jinsi mambo yanavyokwenda ufuoni. Mtumbwi unapotoka usiku, mwenye mtumbwi ana fungu lake, mwenye wavu ana fungu lake, na vijana wanaovua wana mafungu yao. Wakirudi na samaki, wanagawana kulingana na mafungu hayo. Wakirudi bila samaki, hakuna anayemdai mwenzake. Lakini pia hakuna anayeficha samaki, na kama wavu umechanika kwa uzembe wa mtu, huyo mtu hutajwa. "Ungeniambia kwamba shamba lenu ni mtumbwi," akasema, "ningejua mapema ninaingia wapi, na pengine ningelipa mwezi mmoja mmoja."

Msomaji mpenzi huenda anatarajia kwamba baada ya maneno hayo alizisamehe zile shilingi 400. Hakuzisamehe. Alizihitaji, akazichukua, akazifunga kwenye pindo la leso. Watu saba kwa jumla walirudishiwa, yaani shilingi 2,800, na kwa kuwa hazina ya kikundi ilikuwa imekwisha kwenye pampu, nilizitoa katika fedha nilizoweka akiba ya kuchapisha na kujalidi tasnifu. Sikuzitoa kwa ukarimu. Kikundi kilikwisha kukata shauri kwamba anayeandika hasara na ailipie.

Wiki ya mwisho ya Februari tulivuna kilichobaki. Palikuwa na marejea, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa imejichimbia; palikuwa na mrenda kidogo; na kila mmoja wa wale kumi na watano waliokubali kungoja alipewa konzi ya kunde kavu kutoka akiba za akina mama wenyewe. Halikuwa fungu la kujivunia. Ila nililipanga juu ya majani ya mgomba kwa makini kuliko mafungu yote ya Januari, na nilipompelekea mtu nilimtajia kilichomo na kisichokuwamo.

Baada ya hapo tukazivuna mbegu. Maganda ya mgagani huvunwa yanapoanza kuwa manjano, kabla hayajapasuka yenyewe. Matunda ya mnavu yaliyoiva hukamuliwa, mbegu zikasafishwa ute na kuanikwa kivulini. Mama alijaza vibuyu vyake kwa majivu na mbegu. Safari hii hakuvipandisha vyote darini. Alivigawa katika nyumba tano zilizo mbali mbali, kimoja akampelekea dada yake aliyeolewa Malaba, kwenye miinuko ambako Nzoia haiwezi kufika. Nami nilipewa kifurushi kidogo niende nacho chuoni, kimefungwa katika kipande cha leso. Kiko mezani pangu ninapoandika haya, kando ya kamusi.

Mvua zilianza Machi. Tulisia. Kila jioni watu walikwenda kuutazama ukuta wa mto, kama tunavyofanya kila mwaka, wakarudi bila kusema mengi. Aprili kunde zilitoka, na mafungu tuliyokuwa tukidaiwa yalilipwa. Mama mchuuzi wa omena, ambaye hakuwa akitudai chochote, alifika akanunua fungu kwa fedha taslimu, akalipima mkononi, akaondoka. Desemba iliyofuata alijiandikisha tena, kwa mwezi mmoja mmoja.

Mkataba mpya niliuandika mimi, lakini si peke yangu. Tulikaa chini ya mwembe, wanakikundi pamoja na baadhi ya washirika, nami nikawa naandika kile kinachosemwa. Kifungu cha nne sasa kinasema hivi: "Shamba hili ni kama mtumbwi. Siku ya kupata tutagawana. Siku ya kukosa hatudaiani. Lakini aliyelala zamu atatajwa, na mbegu haziguswi." Nilipomaliza nilimsomea mama kwa sauti, naye akanikatiza mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba mbegu hazitaguswa. Alisema niondoe neno la kesho, kwa kuwa mbegu haziguswi hata leo.

Wenzangu wa Kiswahili, mimi si mpinzani wa lugha ya kiofisi. Ina mahali pake, na nitaitumia katika tasnifu kama kanuni zinavyotaka. Nilichojifunza ni kidogo tu. Kiswahili cha ufuoni kilikuwa kimebeba kifungu cha nne miaka mingi kabla sijazaliwa, kikiwa kimekamilika kuliko changu, maana kilitaja hata uzembe ambao mimi niliusahau kwa manufaa yangu. Sikukiuliza. Laiti ningeketi ufuoni asubuhi moja kabla ya kukaa usiku mmoja na kalamu, watu tisa wasingerudi nyumbani siku ile wakiwa hawajui ni nini kilichowapata.

Nakitua kalamu hapa. Tasnifu bado haijajalidiwa.